Kuondoa si Kuchomoa: Uhakiki wa Istilahi za Ubadilishaji wa Diski

1. Utangulizi

Istilahi hupimwa siku inapotoka katika orodha ikaingia mikononi mwa mtu mwenye kazi ya kufanya, naye akatenda kama neno lilivyomwelekeza. Kabla ya siku hiyo sisi tulio mezani twaweza kuisifu au kuikosoa, lakini sifa zetu na lawama zetu ni za kukisia tu.

Hivi karibuni tuliletewa rasimu ya orodha ya istilahi za mifumo endeshi ya kompyuta, tukaombwa tuipitie na kutoa maoni. Waandaaji wake wamefanya kazi kubwa, na hatuna nia ya kuwavunja moyo. Orodha ni ndefu, na haiwezekani kuijadili yote katika kurasa hizi. Tumeonelea tuchukue kifungu chake kimoja: kile kihusucho jinsi mfumo endeshi unavyotambua kuwa diski iliyokuwamo imetolewa na nyingine imetiwa, na hatua unazochukua baada ya kutambua.

Huenda msomaji akauliza kwa nini tumechagua kijifungu cha ufundi kama hiki, ilhali yako maneno mengi ya kompyuta ambayo wananchi huyatumia kila siku. Tuna sababu mbili. Kwanza, hapa ndipo mahali ambapo neno lisilofaa humpotezea mtu kazi yake, wala halimchanganyi akili tu. Pili, neno moja katika kifungu hiki tulipata kulipitisha sisi wenyewe miaka michache iliyopita, na madhara yake tumeyaona kwa macho. Kwa hiyo makala haya ni uhakiki, na pia ni kujikosoa.

2. Kisa cha karani

Katika ofisi moja tuliyopata kushirikiana nayo, karani mmoja alikuwa akichapa orodha ya maneno ya mafundi wa kuunda majahazi. Maneno yalikuwa yamekusanywa kwa miezi minne kutoka kwa wazee: majina ya mbao, ya misumari, ya viungo vya chombo, na ya hatua za kazi tangu mkuku unapolazwa hadi chombo kinaposhushwa majini. Faili lilihifadhiwa katika flashi, na daftari za awali, kwa bahati mbaya, zilikuwa zimekwisha kutupwa.

Kompyuta ile ilikuwa imewekewa maneno ya Kiswahili. Jioni karani alipomaliza kazi, aliona pembeni mwa kioo maneno haya: "Ondoa kifaa kwa usalama". Naye aliyatii. Aliishika flashi kwa vidole viwili, akaivuta polepole bila ya kuitikisa, akaifunga katika kitambaa na kuiweka mfukoni. Asubuhi yake jina la faili lilikuwapo, lakini ndani hamkuwa na kitu.

Mkuu wa ofisi alimwandikia barua ya onyo kwa uzembe. Karani alipotusimulia alisema, "Ndugu zangu, mimi niliiondoa kwa usalama kabisa, wala sikuivuta kwa nguvu." Hakuwa akijitetea kwa hila. Alikuwa amesoma Kiswahili, akakielewa kama kila Mswahili angekielewa, akafanya alichoambiwa. Maneno yale yalikuwa jina la amri ya kubofya kwanza, kabla ya mkono kuigusa flashi. Lakini hakuna chochote katika sentensi ile kinachosema hivyo. Neno "ondoa" katika maana hiyo lilikuwa limepita mezani petu, nasi tukalitia alama ya kukubali.

Baadhi ya maneno ya orodha ile yalikusanywa tena. Mengine hayakupatikana, kwa kuwa mmoja wa mafundi wale alikuwa amekwisha kufariki.

3. Dhana yenyewe

Kabla ya kuhakiki maneno, hatuna budi kuieleza dhana, maana makosa mengi ya istilahi hutokana na mtu kutafsiri neno la Kiingereza pasipo kujua kitu chenyewe kinafanya nini.

Kusoma na kuandika katika diski huchukua muda mrefu kuliko kusoma na kuandika katika kumbukumbu ya ndani ya kompyuta. Kwa sababu hiyo mfumo endeshi haurudii diski kila mara. Hunakili sehemu ya orodha ya mafaili, pamoja na jedwali lionyeshalo kila faili limekaa wapi, ukaziweka kumbukumbuni. Kadhalika maandishi mapya huenda yasipelekwe diskini papo hapo. Hungoja zamu yake kumbukumbuni, yapelekwe kwa pamoja. Mpango huu ni mzuri maadamu diski iliyomo ni ile ile. Taabu huanza pale mkono wa mtu unapoitoa diski ya kwanza na kutia ya pili. Mfumo ukiandika katika diski ya pili kwa kufuata jedwali la diski ya kwanza, hasara huwa mara mbili: diski ya kwanza hukosa maandishi yake, na ya pili huharibiwa mafaili yasiyohusika.

Basi swali ambalo mfumo hujiuliza ni hili: je, diski iliyomo sasa ndiyo ile ya awali? Historia ya jambo hili ni historia ya majibu mbalimbali ya swali hilo.

Mfumo wa CP/M, ambao Gary Kildall alianza kuutunga mwaka 1974, ulifanya kazi bila ya msaada wa mashine. Katika toleo lake la 2.2, mfumo ulitunza hesabu ndogo iliyojumlishwa kutokana na orodha ya mafaili ya diski. Ukisoma tena orodha na kuona hesabu hailingani, ulijua kuwa diski ni nyingine, ukakataa kuandika juu yake mpaka mtumiaji auanzishe upya kwa kubonyeza vitufe maalumu. Watumiaji waliosahau walikutana na ujumbe wa kosa na mara nyingi kazi yao ikaishia hapo.

Mfumo wa DOS wa kompyuta za IBM ulitoka mwaka 1981, na toleo la 2.0 likatoka mwaka 1983. Katika toleo hilo la pili kila programu ya kuhudumia draivu ilitakiwa kujibu swali la kama diski imebadilishwa. Majibu yaliruhusiwa matatu: haijabadilishwa, imebadilishwa, au haijulikani. Jibu la tatu si la kupuuzwa, kwa sababu draivu nyingi za wakati ule hazikuwa na njia yoyote ya kuhisi kuwa mlango wake umefunguliwa. Programu ilipojibu kuwa haijulikani, DOS ilitazama kama yako maandishi yanayongoja kupelekwa katika diski hiyo. Yakiwapo, ilichukulia kuwa diski ni ile ile. Yasipokuwapo, ilichukulia kuwa imebadilishwa, ikasoma upya kila kitu. Yaani kwa ujinga wake mfumo ulichagua dhana iliyoonekana kuwa na hasara ndogo zaidi.

Lakini kulikuwa na njia moja ya kupunguza ujinga huo, nayo ilikuwa saa. Raymond Chen wa kampuni ya Microsoft amesimulia kuwa Mark Zbikowski, aliyeongoza kazi ya toleo la 2.0, alishika saa ya kupimia muda huku wenzake wakijaribu kutoa disketi na kutia nyingine kwa haraka kadiri walivyoweza. Hawakuweza kufanya hivyo chini ya sekunde 2. Ikaamuliwa basi kuwa, kama hazijapita sekunde 2 tangu diski iguswe mara ya mwisho, yaweza kusemwa bila ya wasiwasi kuwa haijabadilishwa. Wepesi wa mkono wa binadamu ukawa sehemu ya mfumo endeshi.

Mwaka 1984 kompyuta ya IBM iitwayo AT ilikuja na draivu ya disketi za megabaiti 1.2 yenye waya maalumu wa kutoa habari: mlango ukifunguliwa, alama huwekwa, na haifutiki mpaka kichwa cha kusomea kisogezwe diski ikiwamo. Hata hivyo waya ule uliweza kusema tu kuwa mlango umefunguliwa. Haukuweza kusema kama diski iliyorudishwa ni ile ile. Mtu aweza kuitoa disketi, akaitazama, akairudisha. Kwa hiyo katika toleo la 4.0 la mwaka 1988 kila diski, ilipotayarishwa, ilipewa namba ya utambulisho iliyotokana na tarehe na saa ya kutayarishwa kwake. Mfumo uliweza sasa kusoma namba hiyo na kuilinganisha.

Wengine walifuata njia tofauti. Unix, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 1971, ilimtaka mtumiaji atoe amri ya kuipokea diski katika mti wa mafaili, na amri nyingine ya kuiachilia kabla ya kuitoa. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 haikuwa na kitufe cha kutolea disketi katika draivu yake. Mtumiaji aliuomba mfumo, nao ukamaliza kazi yake kwanza ndipo ukaitema.

Flashi, ambazo zilianza kuuzwa mwaka 2000, huchomekwa katika tundu la USB, mpango uliotangazwa mwaka 1996. Hapa kifaa chenyewe hujitambulisha: kikichomekwa, kizuizi cha umeme kilichomo ndani yake huinua kiwango cha umeme katika mmoja wa nyaya mbili za data, kikichomolewa, nyaya zote mbili hushuka. Tundu huandika badiliko hilo, na kompyuta hulisoma. Kwa hiyo kutambua kumekuwa kwepesi sana. Lakini kutambua kuwa flashi imekwisha kuchomolewa hakuokoi maandishi yaliyokuwa yangali yanangoja kumbukumbuni. Ndiyo maana katika Windows 10, toleo la mwaka 2018 liitwalo 1809, desturi iligeuzwa: flashi huandikiwa papo hapo isipokuwa mtumiaji achague vingine. Mifumo mingine ingali inangoja, na hata huko mtu akichomoa kati ya kuandika hana wa kumlaumu.

4. Uhakiki wa istilahi

Sasa tuirudie rasimu. Iko mizuri ndani yake, nayo yafaa itajwe kwanza. Waandaaji wameacha "diski tepetevu" na kuchukua "disketi". Wamefanya vema, kwa kuwa utepetevu ni sifa ya mtu mvivu, na tena disketi za inchi 3.5 zilikuwa na ganda gumu. Wamechukua pia "chomeka" na "chomoa" kwa vifaa vya USB, maneno ambayo kila fundi wa redio anayajua. "Namba ya utambulisho" ya diski nayo haina kasoro. Tunayoyakosoa ni haya yafuatayo.

(a) "Vyombo vya habari". Katika rasimu, swali la DOS la kama diski imebadilishwa limeitwa "ukaguzi wa vyombo vya habari". Hapa mtafsiri amekutana na neno la Kiingereza lenye maana mbili, akashika ile inayosikika zaidi redioni. Msomaji atadhani kompyuta ina idara ya kukagua magazeti. Kinachozungumzwa ni kitu cha kuhifadhia data, kiwe disketi, sidii au flashi. "Chombo cha kuhifadhia" chatosha.

(b) "Upigaji kura". Mfumo usio na waya wa kutoa habari hulazimika kuiuliza draivu tena na tena kama kuna jipya. Rasimu imeita kitendo hicho "upigaji kura". Kosa ni lile lile la kwanza. Kiswahili kina mfano ulio bora zaidi, nao ni wa hodi. Mashine yenye waya wa habari ni kama nyumba ambayo mgeni hubisha hodi. Mashine isiyo nao ni kama nyumba ambayo mwenyeji hutoka mara kwa mara kuchungulia mlangoni. Kwa kitendo cha pili twapendekeza "kuuliza kwa zamu". Kwa cha kwanza neno "hodi" lenyewe lafaa, na mafundi wachanga tuliowajaribia walilielewa kabla hatujamaliza kulieleza.

(c) "Badiliko". Rasimu yasema "badiliko la diski" pasipo kutofautisha mambo mawili. Diski yaweza kubadilishwa, yaani ikatolewa na nyingine ikatiwa. Na yaliyomo katika diski ile ile yaweza kubadilika. Kiingereza huyasema yote mawili kwa neno moja, na wanaokitumia huelewana kwa mazoea. Sisi hatuna haja ya kurithi utata huo, maana vinyambulisho vyetu vinautatua bila ya gharama: "diski imebadilishwa", "yaliyomo yamebadilika". Twashangaa kuona mtafsiri mwenye utajiri huu akienda kukopa umaskini wa mwenzake.

(d) "Hakuna jibu". Katika yale majibu matatu ya DOS, la tatu limetafsiriwa "hakuna jibu". Hii si tafsiri, ni kinyume chake. Programu imejibu, jibu lake ni kuwa haijui. Kama tulivyoeleza, hatua za mfumo hutegemea jibu hilo hasa. Mwanafunzi atakayesoma "hakuna jibu" ataona draivu imeharibika, aanze kufungua skrubu. "Haijulikani" ndiyo istilahi inayofaa. Aidha tungependa waandaaji waone jinsi "haijabadilishwa" inavyofaa kuliko "haikubadilishwa": kiambishi cha "-ja-" hubakiza uwezekano wa kubadilishwa baadaye, na hali ya diski ni hiyo hasa.

(e) "Kiendeshi". Neno hili limetumika katika rasimu kwa vitu viwili: mashine inayozungusha na kusoma diski, na programu inayoihudumia mashine hiyo. Ukiongeza "mfumo endeshi" wenyewe, wapata sentensi kama hii iliyomo katika rasimu: "Mfumo endeshi huuliza kiendeshi kama kiendeshi kimebadilishwa." Tumeisoma mara tatu na hatujui kilichobadilishwa ni nini. Asili ya sentensi hiyo, kwa hakika, ilihusu diski. Twapendekeza mashine iitwe "draivu", kama mafundi na wanafunzi wanavyoiita, na "kiendeshi" kibaki kuwa jina la programu.

(f) "Akiba" na "kumwaga akiba". Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu neno lenyewe ni zuri, na uzuri wake ndio unaoponza. Sehemu ya kumbukumbu ambamo mfumo huweka nakala za yaliyomo diskini rasimu imeiita "akiba". Lakini akiba katika Kiswahili ni kitu kilichowekwa mahali pa amani kwa ajili ya siku ya shida. Wahenga walisema akiba haiozi. Sasa, kitu tunachokizungumzia huoza mara tu diski inapobadilishwa. Nakala ya jedwali la diski ya kwanza, diski ya pili ikiwamo, si kitu cha kukimbilia siku ya shida. Ndiyo shida yenyewe. Vilevile maandishi yanayongoja humo yamo hatarini, kwani umeme ukizimika yamekwenda. Mtu akiambiwa kazi yake "iko katika akiba" atalala usingizi, na hapo ndipo asipopaswa kulala.

Mambo yamezidishwa na kitenzi. Kitendo cha kuyapeleka maandishi hayo diskini kabla diski haijatolewa kimeitwa "kumwaga akiba". Mswahili akisikia akiba imemwagwa hufikiri unga umemwagika mchangani. Amri ambayo ingemwokoa karani wetu ingempita kwa jina la hasara! Atakayeona kitufe kilichoandikwa "Mwaga akiba" atakimbia.

Twapendekeza "nakala ya muda" kwa yale yaliyosomwa kutoka diskini, "maandishi yanayongoja" kwa yale yasiyopelekwa bado, na "kukamilisha uandishi" kwa kitendo cha kuyapeleka. Wako watakaosema kuwa maneno mawili au matatu ni mengi. Sisi twaona kuwa neno refu linalosema kweli ni bora kuliko fupi linalodanganya. Wataalamu wanaotaka neno moja la jumla waweza kutumia "kache", ambalo halina maana nyingine katika Kiswahili, na kwa hiyo halimpotezi mtu.

(g) "Ondoa kwa usalama". Sasa tumefika kwenye neno letu wenyewe. Lina makosa mawili.

Kosa la kwanza ni "ondoa". Kitenzi hiki hakisemi nani ataondoa, wala kutoka wapi. Viti huondolewa ukumbini, kikwazo huondolewa njiani, hofu huondolewa moyoni. Mtu akiiona flashi imesimama mbele yake, na akaambiwa aiondoe, mkono wake utakwenda kwenye flashi. Lakini amri yenyewe huondoa flashi katika hesabu ya mfumo, si katika tundu. Hivi ni vitendo viwili, cha mfumo na cha mkono, na cha mfumo hakina budi kutangulia.

Kosa la pili ni "kwa usalama". Katika lugha yetu usalama hutajwa barabarani, viwandani na katika mambo ya dola. Ukiunganishwa na kitendo cha mkono, "kwa usalama" huwa ni namna ya kutenda: kwa uangalifu, polepole, pasipo kuumiza. Karani aliyeifunga flashi katika kitambaa alikuwa mfasiri sahihi kuliko sisi.

Wako wanaosema dawa ni kuacha tafsiri, tuandike "ejekti" kama mafundi wa mitaani wasemavyo. Hatulidharau wazo hilo. Tumekubali "draivu" na "kache" hapo juu. Lakini mkopo hufaa pale unapotaja kitu ambacho mtu aweza kuonyeshwa kwa kidole. Amri yenye hatari ndani yake yataka neno litakalomwonya hata yule asiyepata kufundishwa, na "ejekti" halimwonyi aliyelikuta leo kwa mara ya kwanza.

Kiswahili kina njia yake ya kusema kuwa kilichofanywa kinafanyuliwa. Twafunga na twafungua, twatega na twategua, twabandika na twabandua, twaanika na twaanua, twachomeka na twachomoa. Katika jamii hiyo imo jozi ya "pachika" na "pachua". Mpini hupachikwa katika jembe, na ukiisha kupachikwa viwili hivyo hufanya kazi kama kitu kimoja. Kuvitenganisha ni kupachua. Hivyo ndivyo Unix inavyoifanya diski: huipachika katika mti wa mafaili ikawa tawi mojawapo, na baadaye huipachua. Basi twapendekeza "chomeka" na "chomoa" viwe vya mkono, na "pachika" na "pachua" viwe vya mfumo. Tulijaribu pia "pakia" na "pakua", tukaviacha kwa sababu "pakua" limekwisha kushikwa na kazi ya kuleta mafaili kutoka mtandaoni. "Unga" tuliliacha upesi zaidi, kwa kuwa anayetafuta kinyume chake hufika kwenye "ungua", na flashi iliyoungua ni habari nyingine.

Hata hivyo hatutaki kurudia kosa letu. "Pachua" ni istilahi ya mtaalamu, nayo yafaa vitabuni. Likiandikwa peke yake katika kioo cha karani, mkono wake bado waweza kwenda kwenye flashi. Kioo kinahitaji sentensi, si istilahi. Kwa hiyo twapendekeza programu zenye maneno ya Kiswahili ziandike katika kitufe: "Maliza kazi na flashi". Maandishi yakiwa yangali yanangoja: "Subiri, bado inaandikwa". Na yakiisha: "Sasa waweza kuchomoa flashi". Ujumbe wa mwisho ndio pekee unaotaja mkono, nao hutokea wakati ambapo mkono hauna madhara.

5. Muhtasari wa mapendekezo

Draivu: mashine isomayo na kuandika diski.
Kiendeshi: programu inayoihudumia draivu au kifaa kingine.
Chombo cha kuhifadhia: diski, sidii, flashi na kadhalika.
Kubadilishwa kwa diski: diski moja kutolewa na nyingine kutiwa.
Kubadilika kwa yaliyomo: data ya diski ile ile kuwa tofauti na ya awali.
Haijulikani: jibu la kiendeshi kisichoweza kuthibitisha.
Hodi: taarifa itolewayo na kifaa chenyewe.
Kuuliza kwa zamu: mfumo kukikagua kifaa mara kwa mara.
Nakala ya muda, maandishi yanayongoja, kwa jumla, kache.
Kukamilisha uandishi: kuyapeleka diskini maandishi yanayongoja.
Pachika, pachua: vitendo vya mfumo.
Chomeka, chomoa, kwa disketi na sidii, tia, toa: vitendo vya mkono.
Tema: draivu kuitoa diski yenyewe.

6. Tamati

Tumejifunza mambo mawili katika kazi hii. La kwanza ni kuwa anayeunda istilahi ya kitendo hana budi kuuliza kitendo hicho ni cha nani. La pili ni kuwa orodha haitoshi kupitishwa mezani kwa kuisoma. Yafaa ipelekwe kwa makarani, wanafunzi na mafundi, waambiwe watende kama ilivyoandikwa, nasi tutazame mikono yao inakwenda wapi. Lau tungefanya hivyo mapema, maneno ya waunda majahazi yangalikuwapo yote leo.

Rasimu hii itasomwa pia na wenzetu wa Kenya, ambako wengi hupenda "tarakilishi" mahali pa "kompyuta". Tofauti hiyo haituzuii kukubaliana katika mengine, maana diski hupotea vile vile kwa jina lolote la mashine.

Karani wetu tulimwandikia mkuu wake barua, tukaeleza kuwa kosa lilikuwa la neno, na kuwa neno lilikuwa letu. Barua ya onyo iliondolewa katika jalada lake. Hapo, kwa mara moja, kitenzi kile kilitumika mahali pake. Wasomaji walio na mapendekezo bora kuliko yetu, hususan walimu na mafundi wanaoyatumia maneno haya kila siku, twawaomba watuandikie kabla orodha haijapitishwa.